Mshale Usiotulia wa Faustine

Katika miaka yote aliyoishi Hounslow, London, Faustine Kamugisha hajawahi kusubiri jambo lolote liishe. Ndege ikigusa lami, yeye amekwisha simama, begi mkononi, huku mhudumu akimwomba kwa upole akae asije akavunjika shingo. Kanisani, funguo za gari humlia mfukoni tangu komunyo. Mkewe, Restuta, husema kwamba huyu mume wake siku ya kiyama atafufuka kabla ya tarumbeta, halafu aulize mbona chai haijawekwa.

Mtu wa namna hiyo, ukisikia amejiunga na klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki, mchezo unaomtaka mtu alale kifudifudi kwenye nyasi baridi za Surrey na asifanye lolote ila kupumua, tena kwa kiasi, utadhani ni adhabu ya mahakama. Haikuwa adhabu. Yalikuwa majivuno. Kazini kwake Heathrow, ambako hutengeneza mikanda inayobeba mizigo chini ya ardhi, fundi mwenzake alimkaribisha siku moja aje ajaribu. Faustine akakumbuka kwamba jeshini, JKT, aliwahi kusifiwa na afande. Akaenda, akapiga katikati kwa risasi ya kwanza, na basi ikawa imekwisha. Watu wa Bukoba hawajisifu, kama ajuavyo kila mtu. Husema ukweli tu, na bahati mbaya ukweli wenyewe huwapendelea.

Restuta aliukubali mchezo huo kwa masharti mawili. La kwanza, bunduki ikae katika kabati la chuma lililofungwa ukutani, jambo ambalo sheria ya nchi ilikuwa imekwisha lisema kabla yake. Afisa wa polisi alipokuja kulikagua kabati hilo, Restuta alimkaribisha kwa buni za kutafuna kama afanyiwavyo mgeni kwao, na yule afisa akauliza kwanza ni dawa ya nini. Sharti la pili lilikuwa zito zaidi: wanajumuiya wasijue. Jumuiya yao hukutana kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, kusali rozari na kula, na nusu yake ni Wakongo wa mashariki, watu waliofika nchi hii wakiikimbia milio ileile ambayo Faustine huamka Jumapili kuifuata kwa hiari yake, na kuilipia ada.

Sasa, walenga shabaha za mbali wana desturi ya kujitengenezea risasi wenyewe, kama vile mama mwenye heshima zake asivyonunua pilipili ya chupa. Ganda la shaba lililokwisha tumika husafishwa, likatiwa kiwashio kipya, likapimiwa baruti, kisha ncha ya risasi ikashindiliwa mdomoni mwa ganda kwa mashine ndogo ya mkono. Faustine alifanya kazi hiyo katika chumba kidogo cha juu, ambacho mwenye nyumba hukiita chumba cha tatu cha kulala na ambacho hakijawahi kulaza mtu aliyenyoosha miguu.

Kilichomkosesha raha mwaka huu kilikuwa nafasi moja. Klabu hupeleka watu wanne kwenye mashindano ya vuli, na kwa miaka kadhaa Faustine amekuwa wa akiba: mtu anayebeba mkeka wake mpaka uwanjani, akaupungia upepo, akarudi nao. Uingereza ilikuwa imempa uraia, miwani ya bure na maumivu ya goti, lakini haijawahi kumweka katika timu yoyote. Majira ya kuchipua mmoja wa wale wanne alihamia Ureno kwa ajili ya jua. Nafasi ikabaki, na wa kuigombea walikuwa wawili: Faustine, na Lilian, mkunga, Mkenya wa Nakuru anayeishi Peckham, aliyejiunga nyuma yake na kumfikia upesi kuliko ilivyo adabu. Wangepimwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, wamelala bega kwa bega.

Mwezi wa Mei, katika mazoezi, risasi mbili za Faustine zilitoka nje ya duara kama watu walioitwa na simu. Kapteni wa klabu, daktari wa meno mstaafu mwenye sauti ya kuomba radhi, alimsogelea na kuanza kumuuliza kama shida ilikuwa risasi au pengine ilikuwa…

“Risasi,” alisema Faustine.

Kapteni alikuwa bado hajafika kwenye neno “wewe”.

Baada ya kusema hivyo ilimbidi athibitishe. Akasoma, na kumbe upo ugonjwa wenyewe. Ncha ikishindiliwa upande, risasi huwa na kibyongo kisichoonekana kwa macho. Ukiiviringisha, mwili unazunguka sawasawa lakini ncha inayumba, kama gurudumu la baiskeli lililogonga jiwe. Huingia mtutuni imeinama, na umbali wa yadi mia sita huwa haina tena ahadi na mtu. Kuna vyombo vya kupimia vinavyouzwa vimeunganika vizuri kitu kimoja, lakini Faustine ni fundi, na fundi hanunui kitu anachoweza kukitengeneza vibaya kidogo. Alichukua vibao viwili vya chuma vilivyochongwa mfereji, vya kulazia risasi. Kando yake akasimamisha, kwenye kiguu chake cha pekee, saa ya kupimia: duara lenye mshale mmoja, na kidole chembamba cha chuma kinachogusa ncha. Ukiizungusha risasi kwa kidole, mshale ukitulia, risasi imenyooka. Mshale ukicheza, imepinda, na unaona imepinda kiasi gani na upande upi.

Wiki ya Pentekoste jumuiya ilikuwa kwao, na makoti ya wageni huwekwa katika chumba kile kidogo. Restuta alipanda akakitazama, akasonya, akakivalisha. Akaweka vitambaa vyake vya kufuma kila mahali penye kuwekeka kitambaa: juu ya printa, mgongoni mwa kiti, juu ya sanduku la vifaa, chini ya kile kidude cha mumewe. Mashine ya kushindilia akaifunika kanga.

Mama Emérence, mwenyekiti wa jumuiya, mjane wa Bukavu mwenye macho ya afisa wa forodha, ndiye aliyepanda kuweka koti lake akakawia, mpaka Restuta akamfuata.

“Mama Vaileth, hii ni kitu gani?”

“Ni saa, dada.”

“Saa ya mushale moja?”

“Ya Kizungu.”

Emérence akaikaribia. Akagusa kibao kwa kidole, na mshale ukaruka.

“Sasa inaonyesha nini?”

“Inaonyesha baba Vaileth hajatulia,” alisema Restuta, akamshika mkono wakashuka.

Kuanzia wiki ile Faustine hakupata usingizi wa maana. Alizipima risasi zake akakuta karibu zote zina kibyongo, tena cha kutisha. Akazinyoosha. Namna ya kunyoosha ni hii: unatia alama kwa kalamu pale panapopanda, unaingiza ncha katika tundu la kipande cha mti mgumu, unasukuma kidogo, kwa huruma, kisha unapima tena. Akapima tena. Nyingine zilikubali. Nyingine zilikubali asubuhi zikakataa jioni. Risasi ileile aliyoiacha imenyooka kama mshumaa wa Pasaka, akitoka kazini anaikuta inacheza kama mlevi, na hakuna aliyeigusa. Akazisukuma upande wa pili. Zikachezea upande wa tatu.

Mtandaoni alikuta wazee wa Kimarekani wenye ndevu na hoja, nao wakamweleza kwamba shaba ina kumbukumbu, kwamba ukiipinda huwa inarudi taratibu ilikozoea. Maelezo hayo yalimfaa sana. Yalikuwa ya kisayansi na hayakumtaja yeye. Akaanza kuwahadithia watu kazini kuhusu kumbukumbu ya shaba, nao wakaanza kula chakula cha mchana nje.

Binti yake Vaileth, mfamasia wa Tooting, alipokuja kuwatembelea alimkuta babake ameinamia ile saa kama mtu anayetafuta mbu. Faustine akamweleza kwa Kiswahili, kwa kirefu. Vaileth akasikiliza mpaka mwisho na akajibu kama ajibuvyo siku zote, kwa Kiingereza.

“Dad, maybe it's the clock.”

“Saa haina kosa! Saa ni ya Kijapani.”

“Okay, Dad.”

Restuta, aliyekuwa akipita na nguo za kuanika, hakusimama. “Mbaazi ukikosa maua husingizia jua,” aliuambia ukuta, na ukuta ukanyamaza.

Agosti nzima Faustine hakwenda mazoezini hata mara moja. Alisema hawezi kwenda kupiga risasi asizoziamini. Alizipima kabla ya zamu, akazipima baada ya zamu. Mezani alizungusha kijiko katikati ya vidole akakitazama mpini. Usiku, Restuta alisema, alikuwa anageuka kitandani kama kitu kinachopimwa.

Jumuiya ikarudi kwao Jumamosi ileile iliyotangulia Jumapili ya mchujo. Asubuhi Restuta alipita nyumba nzima akikusanya vitambaa vyake avifue vipate kukauka mapema. Katika chumba cha juu alikinyanyua kile kidude vipande vipande, akavuta kitambaa, akavirudisha vipande mezani, akaenda zake.

Faustine aliingia na kikombe cha kahawa, akalaza risasi ya kwanza, akaizungusha. Mshale ulicheza hasa. Risasi hiyo alikuwa ameinyoosha mara nyingi, hakushangaa. Akachukua nyingine, ikacheza. Kisha, kwa sababu mkono wake haukai, ukajinyooshea wenyewe kwenye kijisanduku cha zile risasi za mwezi wa Mei zilizobaki, ambazo hakuwahi kuzisukuma. Akalaza moja, akaizungusha.

Mshale ulikaa kimya.

Akaizungusha tena. Akabadilisha kidole. Akachukua ya pili, ya tatu, zote za Mei. Kimya. Akarudia moja ya zile alizozinyoosha tangu Pentekoste, na mshale ukarukaruka. Akainama akatazama kwa jicho moja chini ya kibao, akaona mti wa meza, mweupe kwa kukosa jua, wenye umbo la ua la duara.

“Restuta!”

“Nafua.”

“Hapa palikuwa na nini?”

“Wapi?”

“Hapa! Chini ya saa!”

Restuta akapanda mikono ikiwa na povu, akapatazama. “Kitambaa changu.”

“Tangu lini?”

“Tangu Pentekoste. Umekaa nacho kiangazi kizima, umekilalia kwa kiwiko, leo ndiyo unauliza?”

Faustine alifungua kinywa. Lilikuwa jambo gumu kulieleza kwa mtu yeyote ambaye hakukulia kwao. Katika nyumba aliyozaliwa, redio ilivaa kitambaa, saa ya ukutani ilikalia kitambaa, hata picha ya Baba Mtakatifu ilikuwa na chake. Mtu wa kwao hakioni kitambaa cha kufuma chini ya kitu, kama vile samaki asivyoyaona maji. Angeona kama kisingekuwepo. Vibao vilikalia vifundo vya nyuzi. Kila alipobonyeza kidole kuizungusha risasi, kibao kilizama kidogo, unene wa unywele mmoja, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wote. Alikuwa amechukua risasi zilizonyooka akazipinda kwa uangalifu mkubwa.

“Umeniharibia,” alisema.

“Mimi?”

“Kitambaa chako.”

“Sawa,” alisema Restuta, akipangusa povu kwenye aproni. “Kitambaa changu kimeharibu za tangu Pentekoste. Na zile mbili za Mei zilizotoka nje, alizifuma nani?”

Akashuka kumalizia kufua.

Hilo ndilo lililombakia Faustine chumbani. Alikuwa na kazi ya kufanya, na aliifanya: alichukua nyundo ya kuvulia, ile yenye kichwa cha plastiki ambacho risasi hufungwa ndani yake kisha hugongwa mpaka ncha itoke, akazivua risasi zake zilizopinda, akamwaga baruti, akaanza upya kwa maganda mengine. Alikuwa bado anagonga nyundo wageni walipofika. Chini walisali, juu kukilia to, to, to.

“Baba Vaileth iko anatengeneza saa?” aliuliza Emérence katikati ya fungu la pili.

“Salamu Maria,” alijibu Restuta.

Alipomaliza alizipima zote juu ya meza tupu. Mshale ulitulia kwa kila moja, na kila ulipotulia Faustine alizidi kutapatapa. Miezi minne alikuwa na ugonjwa wa kuutibu. Sasa risasi za leo zilikuwa nzima, na za Mei zilikuwa nzima vilevile, na kesho katika ule mkeka hapangekuwa na kitu cha kupinda isipokuwa yeye. Akashuka, akala wali, akasimama kabla ya wengine, akaondoa sahani ya mtu aliyekuwa bado anakula.

Jumapili kulikuwa na upepo wa kuyumbayumba, bendera za uwanjani zikikubali na kukataa. Lilian alikuwa amekwisha tandika.

“Shikamoo mzee.” Kwao Nakuru salamu hiyo si ya kila siku, aliitumia kwa Faustine tu, kumchokoza.

“Marahaba. Usinizeeshe kabla hujanishinda.”

“Leo umekuja na risasi straight ama bado zile za kona?”

“Zimenyooka zote.”

“Wacha! Sasa utasema ni nini?”

Faustine akatandika mkeka wake. Ndilo swali alilokuwa nalo tangu jana.

Katika mchezo huu wawili hulalia shabaha moja. Mmoja anapiga, mwenzake anatazama kwa darubini na kumwandikia alama, kisha zamu inageuka. Kwa hiyo aliyekuwa akiandika alama za Faustine alikuwa ni Lilian, na hakuna aliyeona ajabu, maana Waingereza wanaamini kwamba mtu akikabidhiwa kadi na penseli hawezi tena kudanganya. Kila mmoja alikuwa na risasi kumi za kuhesabiwa, na alama tano ndiyo ya juu.

Alianza vizuri. Tano, tano, tano. Kila shabaha ilipozama handakini ikabandikwa alama na kupanda tena na nyeupe katikati, alizidi kuwa na kitu cha kupoteza. Lilian naye alipiga kama mtu anayekata vitunguu, bila hasira. Risasi ya sita ya Faustine ikatoka chini kulia. Tatu.

Lilian aliandika ile tatu. Kisha, jicho likiwa bado kwenye darubini, akasema kwa sauti ya chini:

“Mzee, si nikuambie kitu?”

“Niambie nikishamaliza.”

“Ukimaliza haitakusaidia. Unachungulia.”

“Nachungulia nini?”

“Risasi yako. Ukifyatua tu, kichwa juu! Kama mtu amesikia chapati zinaungua. Saa zingine kichwa inaenda kabla ya risasi.”

“Tangu lini?”

“Tangu nikujue. Hata Mei.”

“Na hukusema?”

“Ulikuwa unafundisha kila mtu mambo ya shaba. Ningekatiza vipi?”

Kapteni alikohoa nyuma yao kikohozi cha daktari wa meno, maana yake kimya kitapendeza.

“Sasa kwa nini unaniambia leo?” alinong’ona Faustine. “Unaitaka hii nafasi.”

“Naitaka sana. Lakini nikikushinda na wewe unachungulia, utaenda kusema ni upepo. Sina hiyo nguvu. Piga, ni zamu yako.”

Risasi nne zilizobaki Faustine alizipiga huku shavu limegandamizwa kwenye mti wa bunduki, akihesabu moyoni kabla ya kujiruhusu kuinuka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya Uingereza, na humo mlikuwa na miaka miwili ya kuosha vyungu vya hoteli. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kwenda kuona. Tano. Tano. Tano. Ya mwisho alibaki amelala, macho chini, mpaka Lilian akamgusa bega akidhani amezimia.

“Imekuwaje?”

“Tano, mzee.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo arobaini na nane.” Akageuza kadi ya alama zake, ile aliyoandikiwa na Faustine mwenyewe. “Mimi arobaini na tisa. Nimeangusha moja tu, kwa sababu ya hiyo upepo mjinga.”

Kapteni alikuja akiwa na huruma yake imekunjwa vizuri kama leso. Alimpongeza Lilian, akaandika jina lake kuwa la nne katika timu. Kisha akamgeukia Faustine, akasema kwamba ni bahati mbaya ile tatu, kwamba anajua jinsi alivyohangaika na vifaa kiangazi chote, na kwamba bila shaka ilikuwa ni risasi tena. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamfungulia mlango amshike mkono apite.

“Hapana,” alisema Faustine. “Nilizipima. Ni mimi.”

Kapteni akaitazama kadi. Katika miaka yake yote ya meno na ya bunduki, hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Akasema ah, akaandika jina la Faustine chini, upande wa akiba, na akalipigia mstari, sijui kwa heshima au kwa kukosa la kufanya.

Kwenye maegesho Lilian alimsaidia kupakia mkeka. “Si ungesema tu ni risasi? Kila mtu husema.”

“Nilikwisha lisema Mei.”

“Mashindano utakuja?”

“Wa akiba lazima aje. Nitakushikia koti.”

“Utashika koti vizuri ama utachungulia?”

“Nenda, mwanamke.”

Aliingia ndani ya gari, na kabla hajawasha simu ikaita. Restuta.

“Umepata?”

“Nimekosa. Kwa alama moja.”

Sauti ya Restuta ikawa ya mtu anayesubiri kusingiziwa kitambaa. “Kumetokea nini?”

“Niliinua kichwa mapema.”

“Ah,” alisema Restuta, na sauti ikalainika, karibu iwe ya mapenzi. “Hilo ningekuambia mimi tangu siku ya harusi. Padri alikuwa bado ananiuliza mimi kama nimekubali, wewe umeshaanza kutembea.”

“Hukuwahi kuniambia.”

“Ulikuwa umeshatoka nje.”

Faustine alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Pentekoste, kisha akawasha gari. Mbele yake, kwenye geti la uwanja, palikuwa na magari mawili, na la kwanza lilikuwa la kapteni, ambaye alikuwa ameshuka kulifungua geti kwa mikono yake miwili na alikuwa akilisukuma polepole, kwa uangalifu, lisije likagonga ua. Faustine alisubiri. Aliiweka mikono yote miwili kwenye usukani, akaitazama, akahesabu moyoni kama alivyohesabu kwenye mkeka.

Akapiga honi.